Insha ya kushawishi imeniangusha mok (mtihani wa majaribio) na mtihani wa taifa wa UNEB unakuja, nisaidieni

KijanaWaMpakani

Shikamooni wakubwa, na wa rika langu mambo. Mimi niko S.4, yaani kidato cha nne, hapa Busia, huku upande wetu wa Uganda, natumia simu ya braza kwa hiyo mkiona nimepotea msidhani nimekasirika, ni yeye ameichukua. Shida yangu ni insha. Zile za kusimulia kisa naziweza, barua naziweza, hata hotuba nikijikaza napata 15 juu ya 20, lakini hii ya hoja, ile ya kushawishi, kila term ni kilio. Kwenye mok tulipewa hivi: "Kiswahili kifanywe somo la lazima katika madarasa yote ya sekondari nchini Uganda. Andika insha ya kumshawishi mtu anayepinga jambo hili."

Mi nikacheka moyoni nikajua leo nimeokota dodo, ju Kiswahili nakipenda, nyumbani tunakisema, mama anauza mitumba karibu na mpaka na nusu ya wateja wake ni wa upande wa Kenya. Nikaandika kurasa tatu bila kuinua kalamu. Nimepata 8. Na chini kwa wino mwekundu: "Unapiga kelele. Hoja ziko wapi?"

Kelele tena jamani? Hii hapa aya moja muone venye niliandika:

"Kiswahili ni lugha nzuri sana duniani. Kila mtu anajua kwamba Kiswahili ni muhimu. Aidha, wanaopinga Kiswahili ni watu wasiopenda maendeleo ya nchi yetu. Wahenga walisema umoja ni nguvu utengano ni udhaifu, na pia walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa hiyo Kiswahili kifanywe lazima."

Naomba kujua, hoja zinatakiwa ngapi? Ukiambiwa umshawishi anayepinga, unaruhusiwa kuandika maneno yake huyo anayepinga ama unajichimbia kaburi? Na methali ngapi ndo zinatosha, ju mwenzangu aliweka sita akapata 14.

Kasese_Original

Mdogo wangu usilie, hiyo kitu ni fomula tu. Utangulizi aya moja, hoja tano kila moja na aya yake, hitimisho, kwisha. Kila aya ianze na kiunganishi, aidha, vilevile, isitoshe, fauka ya hayo, mtahini akiona fauka ya hayo anajua huyu mtoto amesoma. Methali tatu, mwanzo katikati na mwisho. Alafu siri moja niliachiwa na walionitangulia: weka namba. Andika "utafiti uliofanywa mwaka jana unaonyesha kwamba asilimia 85 ya Waganda wanataka Kiswahili". Nani ataenda kuhakikisha? Mtahini ana fungu la karatasi mbele yake na chai inapoa. Mi nilifanya hivyo na nikapita vizuri tu.

MwalimuMstaafu_Masindi

Kasese mwanangu, ulipita kwa sababu ya mengine, si kwa hiyo asilimia 85. Nimesahihisha insha za wanafunzi wangu zaidi ya miaka ishirini na nakuambia namba ya kubuni inanuka. Unafungua karatasi kumi unakuta utafiti kumi, huyu 85, yule 97, hakuna aliyesema nani kauliza, kamuuliza nani, wapi. Na hao Waganda ni wepi, wa Buganda ama wa nchi nzima? Mtahini hahitaji kwenda popote kuhakikisha. Na ukishamdanganya mara moja, hata la kweli utakalolisema baadaye atalipokea kwa jicho la pembeni.

Sasa kijana. Marahaba. Soma hilo swali lako tena, polepole, kwa sauti kama uko peke yako. Neno zito ni lipi? Si Kiswahili. Ni LAZIMA. Aya yako hii, na nadhani kurasa zako zote tatu, inasema Kiswahili ni kizuri, ni muhimu, kinaunganisha. Nani amebisha? Huyo anayepinga anaweza kukubali yote hayo halafu akakuambia, kizuri ndiyo, basi anayekitaka akisome, kwa nini umlazimishe mtoto wangu? Muziki nao ni mzuri. Kilimo ni muhimu kuliko vyote maana ndicho tunachokula. Mbona hujasema navyo viwe lazima mpaka S.6? Umemwandikia kurasa tatu na yeye bado amekaa palepale ulipomkuta. Ndiyo maana mwalimu wako akasema kelele, na mimi ningesema hivyohivyo ingawa labda si kwa wino mwekundu.

Kosa hili naliona kila mwaka. Wakiulizwa shule za bweni zifutwe, wanaandika ubaya wa bweni, chakula kibovu, wizi wa magodoro, lakini kufuta hawakugusi kabisa, kana kwamba kitu kikiwa na ubaya basi kimeshajifuta chenyewe. Kasoro za bweni zinaweza kurekebishwa, kwa nini zifutwe? Hapo ndipo insha ilipo. Tafuta neno linalodai kitendo, kifanywe, zifutwe, waruhusiwe, ipigwe marufuku, ukae nalo mpaka mwisho.

Halafu huyo mtu anayepinga. Wewe umemwita mtu asiyependa maendeleo. Hebu fikiria mteja amesimama kibandani kwa mama yako anasitasita juu ya koti, mama amwambie "wewe ni mshamba hupendi kuvaa vizuri". Atanunua? Mama yako anajua kushawishi kuliko wewe na hajasomea. Nenda ukamsikilize siku nzima, utaona kwanza anatafuta kujua mteja anaogopa nini, ni bei, ni saizi, ama ni hilo doa kwenye kola.

Na anayepinga Kiswahili hapa kwetu si mjinga wala hakuzaliwa jana. Mwaka 1929, wakati wakoloni wanataka Kiswahili kiwe lugha rasmi ya wenyeji, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, aliandika kukipinga, akasema Buganda haikihitaji, wana lugha yao. Hiyo ni hoja, si chuki. Mwaka 1973 Amin akakitangaza lugha ya taifa, kwa amri, na watu wengi wakakisikia zaidi midomoni mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Mtu aliyeambiwa "lala chini" kwa Kiswahili miaka ile, leo akisikia neno Kiswahili na neno lazima ndani ya sentensi moja, unadhani moyo wake unafanyaje? Huyo ndiye uliyepewa umwandikie. Wewe kwa umri wako humjui, babu yako anamjua.

MnubiWaBombo

Mwalimu umegusa penyewe. Mimi wa hapa Bombo, baba Mnubi na Kiswahili nyumbani ni kama chai, lakini mama ni Mganda wa Luweero. Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, ukimsalimia kwa Kiswahili alikuwa haitikii. Anakuangalia tu mpaka unajisikia vibaya. Siku moja nikamuuliza akasema, walikuja usiku wakagonga mlango wakasema fungua, hilo ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililolijua mimi. Hakuendelea na mimi sikuuliza tena. Hiyo ni vita ya miaka ya themanini, wa Luweero wanaelewa.

Lakini sikia na hii. Mwaka alipoanza kuumwa kulikuwa na mama mmoja Mkongo amepanga jirani, Luganda hana hata neno, alikuwa anamletea uji asubuhi. Bibi akaanza kumjibu asante. Asante mama. Sie tukawa tunaangaliana. Sijui kama hiyo ni hoja ama si hoja, mwalimu atasema mwenyewe. Ila kijana ukiandika kwamba wanaopinga hawapendi maendeleo jua umemtukana bibi yangu, na bibi yangu alikuwa anapenda maendeleo sana, alisomesha watoto saba kwa kahawa.

dada_arua

Poleni kwa mok wenzangu, mi nilimaliza S.6 na Kiswahili ndo kilinibeba, kwa hiyo nieleze ya kutumia ndani ya chumba cha mtihani, ju hayo ya Kabaka ni mazuri lakini una dakika arobaini na jasho linakutoka.

Kwanza, kuhusu kuandika maneno ya anayepinga: unaruhusiwa, tena usipoyaandika ndo unajichimbia hilo kaburi. Ila kosa langu mimi lilikuwa kinyume na lako. Nilimpa mpinzani aya tatu nzima, nikazipamba, nikampa na mifano, mwalimu akaandika "umenishawishi kabisa, lakini upande wa pili". Darasa lilicheka wiki nzima. Kwa hiyo mpe aya moja, ama hata nusu ya kila aya, aseme neno lake la nguvu kabisa alafu umjibu palepale kabla msomaji hajazoea.

Dakika tano za kwanza usiandike kitu. Najua inauma, wenzako wote wanachakurachakura na wewe umekaa, lakini kaa. Karatasi ya nyuma chora mstari katikati, kushoto andika yeye atasema nini, kulia wewe utamjibu nini. Kushoto kwa swali lako mi naona: walimu hawatoshi, masomo yamekuwa mengi, lugha zetu za nyumbani zitakufa, ni lugha ya majambazi na wanajeshi. Sasa angalia kulia ni wapi jibu lako ni dhaifu. Ile unayoiogopa kuliko zote ndo uichukue, ju mtahini pia ataifikiria hiyohiyo. Nyingine chagua mbili. Tatu zilizoshiba zinatosha, tano nyembamba hazinunui kitu. Iliyo nzito kabisa weka mwisho, inayofuata kwa uzito weka mwanzo, ile iliyobaki ifiche katikati.

Na kaka Kasese samahani lakini fauka ya hayo haimsaidii. Aidha, vilevile, isitoshe, fauka ya hayo, zote kazi yake ni kuongeza, unaongeza kitu juu ya kitu kama mtu anayepakia matoke kwenye baiskeli. Insha ya kushawishi inahitaji maneno ya kugeuza. Ni kweli kwamba... hata hivyo. Ilhali. Licha ya. Kama hivyo ndivyo, mbona. Chukua insha yako ya mok uhesabu una aidha ngapi na ilhali ngapi, utajionea.

Kasese_Original

Eeh leo nimepigwa kila upande. Sawa, ya asilimia nimekubali, mniache. Lakini methali msiniguse. Insha ya Kiswahili bila methali ni chakula bila chumvi.

MwalimuMstaafu_Masindi

Hakuna aliyekukataza chumvi, lakini chumvi haitiwi kwenye chai. Haba na haba hujaza kibaba imefuata nini pale kwenye aya ya kijana? Hakuna kinachojazwa. Angesema samaki mkunje angali mbichi hapo sawa, maana anadai mtoto afundishwe mapema na bila kuulizwa kama anataka, hiyo methali inabeba hoja yenyewe. Moja ya namna hiyo inatosha insha nzima.

MnubiWaBombo

Na mjue mpinzani naye ana methali zake. Atakuambia mwacha asili ni mtumwa, utamjibu nini hapo?

dada_arua

Kwani nani ameambiwa aache? Mi nyumbani ni Lugbara, shuleni Kiingereza na Kiswahili, sokoni Arua utasikia na Kilingala juu, hakuna iliyomfukuza mwenzake. Anayejifunza lugha ya pili hatoi ya kwanza rehani. Hebu kijana nakili hiyo, nakupa bure.

KijanaWaMpakani

Nimerudi, braza alikuwa nayo siku mbili. Asanteni sana wakubwa, mwalimu nimesoma yako mara tatu, nimehesabu pia, aidha tisa ilhali sifuri, aibu. Nimeandika aya mpya, niambieni ukweli msinihurumie:

"Ni kweli kwamba wazee wengi nchini walikijua Kiswahili kupitia mtutu wa bunduki, na hofu yao iko na sababu. Hata hivyo, lugha haina kosa kwa ajili ya mdomo ulioitumia. Kiswahili ikiachwa kwa anayetaka tu, itabaki mikononi mwa wachache, ilhali kikifundishwa kwa kila mtoto darasani kitakuwa cha kila mtu na hakuna atakayetishwa nacho tena. Katika shule yetu, S.2 tulikuwa wanafunzi 94 na sote tulisoma Kiswahili kwa sababu ni lazima. Tulipofika S.3 tuliruhusiwa kuacha, na leo tumebaki 17. Mama yangu anauza mitumba mpakani na Kiswahili kinamsaidia kupata wateja wa Kenya. Kwa hiyo Kiswahili kifanywe lazima."

Hiyo 94 na 17 si ya kubuni mwalimu, nimehesabu majina mwenyewe. Alafu niulize, niweke ile ya katiba 2005 na ile ya baraza la mawaziri 2022? Nilisikia walimu wakiiongea.

MwalimuMstaafu_Masindi

Kijana, huyu aliyeandika aya hii si yule wa mok. Lakini umesema nisikuhurumie.

Ile sentensi ya "kitakuwa cha kila mtu na hakuna atakayetishwa nacho tena" ndiyo insha yako nzima. Angalia ulichofanya. Umechukua woga wake yeye mwenyewe ukamwonyesha kwamba dawa yake ni hilo hilo lazima analolikataa. Lugha wanayoijua wachache inaweza kuwa fimbo, wanayoijua wote haiwezi. Sasa hapo neno lazima limefanya kazi, halikubandikwa mwishoni kama stempu.

94 na 17 ni dhahabu, hakuna asilimia 85 ya Kasese itakayoifikia, na umeipata bila kutoka nje ya darasa. Lakini umeiokota ukaiacha barabarani. Wamebaki 17, kwa hiyo nini? Mpinzani atakuambia umeona, watoto hawakitaki! Namba haisemi chenyewe... tazama, hata mimi nimekosea ngeli, namba haisemi YENYEWE, wewe ndiye unayeisemea. Mtaala mpya ulioanza 2020 umekifanya Kiswahili lazima S.1 na S.2 halafu unakiachia. Wale 77 walioacha walisoma miaka miwili, walimu wakalipwa, vitabu vikanunuliwa, na wameondoka hawawezi kuandika barua ya ukurasa mmoja. Ni kama kuchimba kisima ukafika kwenye udongo mbichi ukasema inatosha. Hapo ndipo unamwambia mpinzani, unayesema lazima ni gharama, tazama gharama ya lazima ya nusu njia.

Halafu mama yako. Mama yako mpendwa amekupinga.

KijanaWaMpakani

Amenipinga kivipi tena mwalimu 😭

MwalimuMstaafu_Masindi

Alikisomea shule gani hicho Kiswahili?

KijanaWaMpakani

Hakukisomea, alikipata sokoni tu. Aaah. Nimeona.

MwalimuMstaafu_Masindi

Umeona. Kama sokoni panatosha kumfundisha mtu, darasani pa nini tena, na kwa lazima? Mfano mzuri unaweza kumfanyia kazi adui. Usiutupe lakini. Jiulize Kiswahili cha mama kinaishia wapi.

Trela_Mutukula

Mi si mtu wa shule nilikuwa napita tu lakini hii imeniuma niseme. Naendesha trela, naingia Tanzania kupitia Mutukula mwaka wa kumi na mmoja sasa, Kiswahili changu cha njiani hakinishindi, naagiza chakula, natongoza, nagombana na makanika, kila kitu. Mwaka juzi nikapata kesi ya mzigo huko ndani, mtu na mtu, siwezi kueleza yote hapa. Kufika mahakamani, ndugu zangu, kila kitu Kiswahili, karatasi Kiswahili, hakimu Kiswahili, kumbe kule walibadilisha sheria 2021 kwamba mahakama zao ni Kiswahili. Na si Kiswahili chetu cha barabara. Mlalamikiwa. Kiapo. Dhamana. Rufaa. Nilikuwa nasikia kila neno na sielewi sentensi. Nikatafuta kijana mmoja wa kunisomea nikamlipa kila siku, na sijui mpaka leo kama alikuwa ananisomea yote.

Kwa hiyo huyo anayesema sokoni panatosha mwambie aje anione.

dada_arua

Kijana hiyo ni zawadi, ipokee kwa mikono miwili. Kiswahili cha sokoni kinauza koti, hakisomi karatasi ya mahakama. Mama yako anaanza, dereva anamalizia, na katikati ndo darasa lilipo. Usiandike "dereva mmoja kwenye mtandao" lakini, andika dereva anayevuka Mutukula, inatosha na ni kweli.

Trela_Mutukula

Andika tu, ila usitaje namba ya gari 😂

MwalimuMstaafu_Masindi

Pole sana dereva, na umetufundisha.

Kijana uliuliza ya katiba. Ni kweli marekebisho ya 2005 yalikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili, lakini soma vizuri, yanasema kitatumika katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kisheria. Hayakusema shuleni, hayakusema lazima. Na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shule za msingi na sekondari. Sasa tatizo lake kama hoja ni hili: mpinzani wako anapinga uamuzi huohuo! Ukimwambia serikali imeshaamua, umemnyamazisha, hujamshawishi, na Amin naye alikuwa ameshaamua. Itumie kwenye utangulizi kuonyesha kwamba jambo hili liko mezani leo, sentensi moja, upite. Na usinimwagie tarehe zote unazozijua, Umoja wa Afrika, UNESCO, tarehe 7 Julai, jumuiya ina nchi nane, nimeona insha kama hizo, zinasomeka kama kalenda ya ukutani.

Lugha sasa. "Iko na sababu" ni ya huko kwenu mpakani, andika ina sababu. "Kiswahili ikiachwa itabaki", umeanza na ki- kwenye swali la mtihani wenyewe, kifanywe, unaihamia i- kwa nini? Kikiachwa kitabaki. Na shukuru hukuweka venye kwenye aya mpya, ingawa kwenye ujumbe wako wa kwanza nimeiona.

Kasese_Original

Mwalimu na mimi niulize basi, "kwa maoni yangu" inaruhusiwa? Sie tuliambiwa tusithubutu kujitaja.

MwalimuMstaafu_Masindi

Insha ni yako, maoni ya nani mengine yatakuwemo? Mara moja kwenye utangulizi ili ijulikane umesimama wapi si mbaya. Lakini ukiiweka kila aya inakuwa kama mtu anayeomba radhi kabla ya kusema. Sema tu.

KijanaWaMpakani

Swali la mwisho braza amesimama hapa mlangoni. Hitimisho niandike nini? Mi huwa narudia hoja zote tena, "kwa kuhitimisha nimeeleza kwamba Kiswahili ni..." alafu maneno yanaisha.

dada_arua

Usirudie, mtahini amesoma dakika mbili zilizopita hajasahau. Rudi kwa yule mtu uliyemwandikia. Alianza akiogopa nini? Mwonyeshe kitu kimoja alichokuwa hakioni mwanzo. Sentensi tatu nne, uweke kalamu chini.

MnubiWaBombo

Kama unataka mchukue bibi yangu. Ila usiandike kwamba alikuja kukipenda Kiswahili, hakukipenda. Andika alisema asante.

KijanaWaMpakani

Nashukuru sana mzee wangu. Nitamweka mwisho kabisa, baada ya dereva.

MwalimuMstaafu_Masindi

Andika yote upya, dakika arobaini, saa mezani, simu umrudishie mwenyewe. Tano za kwanza ni za mstari wa katikati, usizile. Ukimaliza piga picha utume hapa Jumapili niisahihishe, na kalamu yangu ni ya kijani.

KijanaWaMpakani

Jumapili braza anaenda Tororo na simu. Jumatatu mwalimu?

MwalimuMstaafu_Masindi

Jumatatu sawa.